Jinsi ya Kumlaza Tapeli na Njaa Ukiwa Bujora

Mwongozo huu una shabaha moja: tapeli wa mtandaoni alale na njaa. Asipate hata nauli kutoka kwenye simu ya mtu wa Bujora, asipate kwa muuza nguo wa Kisesa, asipate kwa mchuuzi wa dagaa wa Igombe wala kwa mwanafunzi wa Magu anayesubiri matokeo yake. Atume linki mia, zote zimrudie tupu. Akeshe kwenye kompyuta, aamke na deni la umeme. Namtakia hivyo kwa moyo wote, na kila hatua iliyomo humu nimeipanga kwa nia hiyo.

Tunaanza tukiwa mbele yake, kwa sababu kazi kubwa imekwishafanywa na haikutugharimu senti. Kati ya Oktoba na Desemba 2006 vivinjari vitatu, Internet Explorer 7, Firefox 2 na Opera 9.1, vilianza kuwaonya watu kabla hawajaingia kwenye tovuti za ulaghai. Juni 2008 Firefox 3 ikaongeza onyo dhidi ya tovuti zinazomwaga programu hasidi, yaani hivyo tunavyoviita virusi. Septemba mwaka huohuo Chrome ikazaliwa na ulinzi huo tayari umo. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kwa hiyo wengi wetu wa kanda hii tulipoanza kuperuzi, ulinzi ulikwishatutangulia. Upo kwenye simu yako sasa hivi. Tapeli anachoomba usiku na mchana ni kwamba usijue upo, au ukiujua uuzime mwenyewe.

Chrome, Firefox na Safari hutegemea orodha ya Google iitwayo Safe Browsing. Edge ya Microsoft ina yake, SmartScreen. Ukifungua mipangilio ya Chrome kwa Kiswahili, ukaingia sehemu ya faragha na usalama, utakuta kuvinjari salama. Wazee wa Usukuma wataelewa mara moja jinsi jambo hili linavyokwenda. Miaka ya mwanzo ya 1980, sungusungu walipoanza kuwasaka wezi wa ng'ombe, nguvu yao ilikuwa yowe. Ng'ombe akiibwa kijiji hiki, yowe linapokewa na kijiji cha jirani, kisha kinachofuata, mpaka mwizi anakuta kila njia imesimama watu. Orodha ya Safe Browsing ni yowe la namna hiyohiyo. Mashine hupitia kurasa za mtandao bila kupumzika. Zikigundua ukurasa unaoiba nywila au unaopandikiza programu mbaya, anwani yake inaingia kwenye orodha, na simu ya Lagos, ya Jakarta na ya Bujora zote zinapata habari. Ukibofya linki hiyo, kivinjari kinakusimamisha kwa ukurasa mwekundu.

Kuna watu hapa mtaani wanaouzima ulinzi huu kwa kuamini kwamba Google inataka kujua wanachotazama. Wasiwasi wa faragha ni wa haki na sitaudharau, ila tuujibu kwa kueleza mambo yanavyokwenda. Katika ulinzi wa kawaida, anwani mbaya haziandikwi kama zilivyo. Kila moja hugeuzwa kuwa alama ndefu ya tarakimu, kisha alama hiyo hukatwa ikabaki kipande cha mwanzo cha baiti 4. Simu ikilinganisha kipande hicho na anwani unayoiendea na kuona havifanani, mambo yameisha humohumo ndani ya simu. Tangu Machi 2024 Chrome imeanza kuuliza papo kwa papo, lakini kipande kinachoulizwa hufungwa kwa siri na kupitishwa kwenye seva ya kati, ili anayejibu asijue ni nani ameuliza. Ulinzi ulioboreshwa ndio unaopeleka taarifa zaidi kwa Google, na huo unauchagua mwenyewe. Asiyeutaka abaki kwenye ule wa kawaida. Anayeuzima wote anamwandalia tapeli chakula cha jioni.

Sababu ya kubadilisha utaratibu mwaka 2024 ni ya kujua. Orodha ya zamani ilikuwa ikisasishwa kwenye simu kila baada ya dakika 30 hadi 60. Google yenyewe ilieleza kwamba ukurasa mbaya wa kawaida huishi chini ya dakika 10. Tapeli anajenga ukurasa, anaumwaga kwenye makundi ya WhatsApp, anavuna, anaubomoa, na yowe linafika kijijini yeye keshavuka mto. Ndiyo maana mwongozo huu haukomei kwenye kuwasha swichi. Dakika hizo chache za mwanzo, mlinzi ni wewe.

Hatua ya kwanza ni kuuheshimu wekundu. Ukurasa mwekundu ukitokea, rudi ulikotoka. Najua chini yake kuna maandishi madogo ya kufungua maelezo, na ndani ya maelezo kuna njia ya kuendelea mbele. Najua pia kwamba kundini kuna jamaa atakayeandika, "Bonyeza maelezo halafu endelea, mimi nimepita." Jamaa huyo amejitolea kumfanyia tapeli kazi bila mshahara. Mjibuni hapohapo kundini, kila mtu asome, kwa sababu ushauri wake unaharibu ulinzi wa watu mia mbili kwa mpigo mmoja.

Kama hujawahi kuuona ukurasa huo, uone leo ukiwa umetulia. Google wameweka tovuti ya majaribio isiyo na madhara, testsafebrowsing.appspot.com, yenye linki za kuamsha maonyo kwa makusudi. Bofya mojawapo. Ukiona wekundu, ulinzi wako uko hai. Usipoona kitu, ingia mipangilio uuwashe. Fanya zoezi hilo na mama, na babu, na binti wa shule, kila mmoja kwa simu yake. Aliyekwisha kuuona mwekundu wa kweli haogopeshwi kirahisi na wa bandia.

Nasema hivyo kwa kuwa wa bandia ndio mwingi. Huyu hapa mama wa makamo kwenye kibanda cha fundi simu pale Kisesa, uso umemshuka:

"Mwanangu, simu yangu inakufa. Imesema ina virusi kumi na vitatu."

"Shikamoo mama. Nani amesema?"

"Marahaba. Simu yenyewe. Imetaja mpaka aina yake."

"Hiyo si simu, mama. Ni ukurasa umejitokeza. Haujawahi kuiona simu yako."

Fundi amesema kweli, na jibu lake lingefaa kusomwa redioni. Ukurasa wa mtandao hauna uwezo wa kukagua virusi ndani ya simu yako. Kivinjari huuendesha ukurasa mahali palipotengwa, mbali na mafaili yako, na huo ni ulinzi mwingine ulioingizwa humo tangu kiwandani. Aina ya simu aliyoitaja si uchawi: vivinjari vingi hujitambulisha kwa tovuti, vikataja kifaa na toleo lake, ili ukurasa ujipange kwa ukubwa wa kioo. Tapeli amechukua jina hilo, akaliweka juu ya namba 13 aliyoitunga kichwani, akapaka rangi nyekundu, akaweka na saa inayohesabu kurudi nyuma. Halafu anataka umheshimu kama mtaalamu!

Tofauti ya onyo la kweli na la tapeli inaonekana kwenye kile kinachoombwa. Kivinjari kikikuonya kinataka urudi nyuma, basi. Hakikupi namba ya kupiga, hakitaki upakue programu ya kusafisha, hakitaki pesa, na hakikuhesabii sekunde. Onyo lolote lenye kimojawapo cha vitu hivyo lifunge. Likigoma kufungika, funga kivinjari chote, ukifungue tena, uufute ule ukurasa kwenye orodha ya vilivyo wazi.

Maonyo haya ya uongo huwa yanaingilia mlango mmoja ambao tunaufungua wenyewe: arifa. Umeingia mahali kutafuta matokeo ya mpira, kikatokea kisanduku kinachouliza kama unaruhusu tovuti ikuletee arifa. Wajanja zaidi wanaandika juu yake, "Bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti." Ukibonyeza, kuanzia siku hiyo simu inalia usiku wa manane: betri imeharibika, umeshinda gari, mtu wa Mwanza anataka kuonana nawe. Watu hufuta picha za watoto wao, hurudisha simu hali ya kiwandani, hulipa fundi, na dawa yake ingewachukua muda wa kunywa chai. Kwenye Chrome gusa nukta tatu, ingia mipangilio, kisha mipangilio ya tovuti, kisha arifa. Utaona majina ya tovuti zote ulizoziruhusu. Zuia zote usizozijua. Usione haya kuzuia na unazozijua.

Sasa twende kwenye anwani, kwa sababu hapo ndipo tapeli anapopata shibe yake kubwa. Matokeo ya kidato cha nne yakikaribia, nchi nzima inaandika neno matokeo kwenye simu. Udahili wa vyuo ukifunguliwa, ni mkopo wa HESLB. Ajira zikitangazwa, ni ajira. Tapeli anazijua kalenda hizi kuliko walimu wakuu. Anafungua ukurasa wenye nembo ya taifa, anauliza jina, namba ya NIDA, namba ya simu, na mwishoni ada ya usajili. Unachotakiwa kusoma ni jina lililo kabla ya mkwaju wa kwanza, na usome mwisho wake. Baraza la Mitihani ni necta.go.tz. Sekretarieti ya Ajira iko kwenye ajira.go.tz. Mwisho wa go.tz ni wa serikali na hautolewi kwa mtu yeyote aliyeamka na laki mbili mfukoni. Ila tapeli anaweza kuyaweka maneno necta, go na tz mwanzoni, kisha akaweka jina lake mwenyewe nyuma yake, likaisha na com au kitu kingine. Jicho la mwenye haraka linasoma mwanzo na kuridhika. Wewe soma mwisho.

Na ile kufuli iliyokuwa ikikaa pembeni ya anwani isikupe usingizi. Ilimaanisha kwamba mazungumzo kati yako na tovuti yamefungwa asisikie mwingine. Haikumaanisha kwamba aliye upande wa pili ni mwema. Vyeti vya kufuli hiyo vinapatikana bure, na matapeli wanavichukua kama watu wengine wote. Chrome iliiondoa kufuli hiyo mwaka 2023, ikaweka alama ya mipangilio mahali pake, kwa kuwa watu wengi mno walikuwa wakiichukulia kama muhuri wa uaminifu.

Nije kwenye nyimbo, maana Bujora bila ngoma si Bujora. Hapa ndipo Padri David Clement, Mkanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alipoanzisha makumbusho yetu, na hapa ndipo Juni, msimu wa Ekaristi, tamasha la Bulabo hukusanya wachezaji wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu wakishindana kuvuta watu. Siku zile kila mkono una simu hewani, na jioni kila mtu anatafuta: video ya nyoka, wimbo wa yule manju, ngoma ya mwaka jana. Ndipo vijana wetu wanapotua kwenye tovuti za kushusha nyimbo zenye vitufe vitano vya kupakua, vinne vikiwa vya uongo. Kanuni ya kuwapiga chini ni nyepesi. Wimbo ni faili inayoishia mp3 au m4a, na uzito wake ni MB chache. Video huishia mp4. Faili ikiishia apk, hiyo ni programu inayotaka kuingia na kuishi ndani ya simu yako, na hakuna manju aliyewahi kuimba apk. Chrome yenyewe itakuuliza kama una hakika, itakwambia faili ya namna hiyo inaweza kudhuru kifaa. Jibu ni hapana.

Ugumu unakuja kwa GB WhatsApp, ile WhatsApp isiyo rasmi, na ndugu zake. Nazungumza kwa upole hapa kwa sababu najua inavyopendwa: inaficha kwamba uko hewani, inaonyesha ujumbe uliofutwa. Lakini haimo kwenye duka la Google. Inasambazwa kwa apk kutoka tovuti ambazo hakuna anayejua mwenyewe ni nani. Agosti 2021 watafiti wa Kaspersky walikuta toleo moja la FMWhatsApp, programu ya ukoo huohuo, likiwa na virusi viitwavyo Triada, vyenye uwezo wa kushusha programu nyingine mbaya na kumwandikisha mtu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Mwaka uliofuata wakakuta mambo kama hayo kwenye YoWhatsApp. Mtu analalamika kwamba bando linaisha usiku akiwa amelala, kumbe simu yake haikulala. Ulinzi wa kivinjari unafika mwisho wake pale unapoinuka na kumkaribisha mgeni kwa mkono wako. Play Protect, inayokagua programu kwenye simu za Android tangu 2017, inasaidia, na nayo wenye kusambaza apk hizo huanza kwa kukwambia uizime. Mtu anayekutaka uzime ulinzi kabla hajaingia amekwishajieleza.

Sehemu inayoniuma zaidi ni stesheneri. Kwa asiyezijua, hizi ndizo ofisi za kweli za vijana wetu. Kijana hana kompyuta, anakwenda stesheneri kujaza fomu ya mkopo, kuomba kazi, kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa, kuchapa barua. Kwenye kompyuta moja zinapita namba za NIDA, barua pepe na nywila za kata nzima. Na nyingi za kompyuta hizo bado zinaendesha Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni toleo la 109, la Januari 2023. Kuanzia hapo, kila tundu lililogunduliwa na kuzibwa kwingineko duniani limebaki wazi pale mezani. Ongeza flashi zinazopokezana kutoka mkono hadi mkono, na ongeza Windows yenyewe kuwa imewekwa kwa ufunguo wa kienyeji uliopakuliwa mtandaoni. Tapeli hana haja ya kuja Kisesa.

Mwenye stesheneri, nakuomba kwa heshima, bwana au bibi. Biashara yako ni muhimu kuliko unavyoambiwa. Firefox iliendelea kutoa toleo maalumu la 115 kwa ajili ya Windows 7 muda mrefu baada ya Chrome kuondoka. Kama bado linasasishwa, liweke, huku ukijipanga kuhama. Kompyuta ikiwa dhaifu kwa Windows mpya, Linux Mint ni bure, inafungua Firefox, inachapa, na kijana aliyesoma tarakilishi kidogo anaweza kuiweka mchana mmoja. Windows 10 nayo ilifika mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anayehama ahame akijua anakwenda wapi. Futa pia ile mistari ya vitu visivyoeleweka iliyojazana juu ya kivinjari, na programu za nyongeza ambazo hukumbuki kuziweka. Kivinjari hakina haja nazo.

Na wewe mteja, ukifika pale fungua dirisha la faragha. Dirisha hilo halizuii virusi, tusidanganyane, lakini ukilifunga halibaki na nywila zako wala historia yako. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, kataa. Toka kwenye akaunti kabla hujainuka, hata kama foleni inanung'unika. Nywila ya barua pepe uiandike wewe mwenyewe. Kumpa kijana wa kaunta akuandikie ni kumbebesha mzigo ambao hata yeye hastahili kuubeba.

Kuhusu kusasisha, najua kinachotuzuia. Bando ni pesa, na kusasisha Chrome kunaweza kula MB ambazo mtu alizitunza kwa ajili ya kuongea na mwanawe Dar. Lakini kila toleo jipya linaziba matundu ambayo wezi wanayajua. Sasisha kivinjari kwanza, mengine yasubiri. Na penye waifai ya kuaminika, sasisha hapo. Unaponunua simu iliyokwisha kutumika kutoka kwa mtu, uliza toleo la Android kabla ya kuuliza kamera. Chrome iliacha Android 7 mwishoni mwa 2023, na tangu toleo la 139 la Agosti 2025 inataka Android 10 na kuendelea. Simu yenye Android 8 inayong'aa kama mpya itakuja na kivinjari kilichosimama. Bei yake ishuke kwa sababu hiyo, na muuzaji akikataa, kuna muuzaji mwingine.

Kivinjari kipi? Chrome, Firefox, Edge, Safari, chochote kinachosasishwa na chenye ulinzi uliowashwa. Opera Mini imetusaidia sana watu wa bando dogo tangu 2006, na sitaki mtu aiache kwa aibu. Ila katika hali ya kubana data kwa nguvu, kurasa hupitia seva za Opera na kufunguliwa huko kabla ya kuletwa kwako. Soma nayo magazeti. Mambo ya benki na fomu za serikali yafanyie kwenye kivinjari kinachozungumza na tovuti moja kwa moja.

Kuna mahali ambapo kivinjari hakikufikii kabisa. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unakuja kwa meseji na hauhitaji linki. PIN ya M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx huandikwa kwenye menyu ya mtandao wako au kwenye kisanduku kinacholetwa na mtandao wenyewe. Ukurasa wa intaneti ukikuomba PIN, ni mwizi, hata uwe na nembo nzuri kiasi gani. Na aplikesheni za mikopo zinazoomba ruhusa ya majina yote yaliyomo kwenye simu yako zina kazi na majina hayo. Siku ukichelewa kulipa, mjomba, mchungaji na mwajiri watapigiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla ya kukopa, angalia kama mkopeshaji ana leseni.

Ikiwa tapeli amekwishagusa simu yako, usipoteze muda kujilaumu. Aliyeiba ndiye mwenye makosa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtambua hivyo. Zima data. Ondoa programu uliyoiweka siku hiyo. Ikikataa kuondoka, washa simu katika hali salama, kisha uiondoe. Nenda kwenye simu nyingine iliyo safi ubadilishe nywila, ukianza na barua pepe, kwa kuwa anayeishika barua pepe anaweza kuomba nywila za kila kitu kingine. Kama pesa imeguswa, piga 100 kwa mtandao wako bila kungoja asubuhi. Meseji ya kitapeli ipeleke 15040, namba iliyotengwa na TCRA kwa kazi hiyo, pamoja na namba iliyokutumia. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, maana wezi hupenda kusajili laini kwa majina ya watu wengine. Laini usiyoijua, nenda dukani kwa mtoa huduma wakaifute.

Kisha uripoti ule ukurasa. Google ina fomu ya kuripoti kurasa za ulaghai kwenye safebrowsing.google.com, na Firefox ina njia yake ndani ya menyu ya msaada kwenye kompyuta. Bandika anwani nzima ya ukurasa, andika kwa Kiswahili kilichotokea, tuma. Wakiuthibitisha, atakayeibofya linki ileile Ukerewe au Sengerema atakutana na wekundu badala ya nembo ya serikali. Ukimaliza, mpigie aliyekutumia, umweleze taratibu bila kumfokea, aifute kwenye kundi, na awaambie wale wengine aliowapelekea faraghani.